i-D, The Face au Dazed: mpwa wangu ana hela ya moja tu

Mpwa wangu anashona nguo Tanga. Ana cherehani mbili kwenye kibaraza cha bibi yake, yaani mama yangu, moja ya miguu na moja ya umeme, na hii ya umeme siku nyingi hulala imefunikwa shuka kwa sababu Luku imeisha. Anachoshona ni mitumba. Ananunua jinzi na majaketi ambayo wateja wa asubuhi wameyapekua wakayaacha, anayafumua, anayaunganisha upya, na Ijumaa jioni ukikatiza barabara za Ngamiani unaweza kukutana na mtu kavaa suruali iliyokuwa suruali tatu.

Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo anko. Nimeweka hela kidogo, nataka nianze kukusanya yale majarida yako. Lakini naweza moja tu. Ninunue lipi? Na usiniambie yote mazuri, nakujua."

Nilimjibu kwa ujumbe wa dakika kumi na nane. Yeye akajibu baada ya dakika nne, kwa hiyo najua hakunisikiliza hata nusu. Ndiyo maana naandika.

Majarida anayoyasema ni matatu, yote ya London: i-D, The Face na Dazed. Mtu akipenda mavazi na mambo ya vijana, yaani muziki wao, kumbi zao na ubishi wao, atakutana na haya kabla ya mengine. Vogue siiweki kwenye mizani hii. Vogue ni ya mtu anayetaka kujua gauni la mamilioni linafananaje. Haya matatu ni ya mtu anayetaka kujua yule kijana pale kituo cha basi lile jaketi kalitoa wapi.

Niseme mapema, nisije nikawa hakimu mwenye ndugu kizimbani halafu nikanyamaza: mimi ni wa i-D. Nilifika London mwaka 2003, nikapata kazi ya usiku kwenye dobi la hoteli, kazi ya kukunja mashuka mpaka kunakucha. Asubuhi moja natoka zamu nikakuta boksi nje ya duka la vitu vya msaada, limeandikwa kwa kalamu nene kwamba anayetaka achukue. Juu palikuwa na sufuria isiyo na mfuniko. Chini yake majarida matano yameloa pembeni. La kwanza lilikuwa na msichana kafumba jicho moja. La pili, mwingine naye kafumba. La tatu, kofia imeshuka ikafunika jicho. La nne, nywele. Nikadhani boksi zima ni la mtu mwenye ugonjwa wa kukonyezwa. Nikachukua yote, na sufuria pia. Sufuria naipikia hadi leo.

Nilipofika chumbani ndipo nilipoligeuza jarida kwa ubavu nikaitazama nembo. Ilaze i-D upande wa kulia uone: nukta ya i ni jicho lililo wazi, mkia wake ni jicho lililofumbwa, kistari ni pua, na D ni mdomo unaocheka. Basi kila anayekaa kwenye jalada lao lazima afumbe jicho moja au alifiche kwa kitu. Madonna alikonyeza mwaka 1984, kabla ya nusu ya dunia kulijua jina lake. Sade, mwimbaji aliyezaliwa Ibadan, Nigeria, alikuwa amewekwa jaladani mwaka mmoja kabla yake. Na kila toleo lina jina lake, kama khanga. Hulinunui kwa namba ya mwezi, unalinunua kwa jina. Hata nikilisahau picha, jina nalikumbuka, kama mama anavyokumbuka doti zake kwa misemo wala si kwa rangi.

Yalikotoka

Kwa umri, i-D na The Face ni mapacha. Yote yalizaliwa London mwaka 1980, lakini hayakulelewa nyumba moja.

The Face lilitoka Mei. Mwenyewe ni Nick Logan, mtu wa magazeti ya muziki, aliyekuwa amehariri NME na kuanzisha Smash Hits. Alitoa akiba ya nyumbani kwake, pauni 3,500, akachapa jarida la karatasi nzuri lenye picha zilizopewa nafasi ya kupumua. Jalada la kwanza alikuwa Jerry Dammers wa bendi ya The Specials. Kwa hiyo The Face lilianzia kwenye muziki, likatembea hadi kwenye nguo. Hilo likumbuke, linaeleza mengi.

i-D lilitokea upande wa pili. Terry Jones alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa Vogue ya Uingereza, akaondoka mwaka 1977 wakati barabara za London zimejaa mapanki, vijana wa muziki wa kelele na uasi. (Wengi wetu neno panki tulilipata kwa kinyozi. Basi wale ndio waliokuwa nacho kile kichwa kwanza.) Yeye na mkewe Tricia wakaanza kutoa kijijarida chao wenyewe: karatasi zilizolazwa kwa upana, maandishi ya taipu, zimebanwa pembeni kwa pini za stepla, bei peni 50. Ukiliona toleo la mwanzo utadhani ni risala ya mahafali. Lakini aliyelipanga alikuwa mtu aliyekwisha kujua kupanga kurasa za kifahari, akachagua kwa makusudi kuziacha.

Dazed ni mdogo wao. Lilianza mwaka 1991 kwa jina refu zaidi, Dazed & Confused, na waanzilishi ni Jefferson Hack na mpiga picha Rankin, waliokutana chuoni London College of Printing. Mwanzoni halikuwa jarida, lilikuwa bango la kukunja. Vijana wasio na hela wanafanya kilicho ndani ya uwezo wao. Jina lilifupishwa mwaka 2014.

Nani yumo kwenye picha

Hapa ndipo nilipopotezea zile dakika kumi na nane, na nitapotea tena.

Toleo la kwanza la i-D lilikuwa na picha za watu wa barabarani zilizopigwa na Steve Johnston. Utaratibu wake ni mwepisi mno: unamsimamisha mtu ukutani, unampiga wima kuanzia utosini hadi viatuni, hakuna taa, hakuna kupakwa poda. Halafu unamuuliza. Hiyo sweta umeitoa wapi? Shilingi ngapi? Unasikiliza nini siku hizi? Majibu yanachapwa kando ya picha, pamoja na bei. Wenyewe mtindo huo wanauita straight-up, na leo kila anayepiga watu picha nje ya ukumbi wa maonyesho ya mavazi anakula kwa jasho la Johnston.

Sisi watu wa pwani picha ya kusimama wima tunaijua. Kuna Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa mwaka 1930, na studio ya Parekh pale Mombasa, walikokwenda wazee wetu siku ya Idi na siku ya posa. Mama anayo moja, kasimama na mkoba mkononi, mguu mmoja mbele, nyuma yake pazia lililochorwa. Lakini studio ulikwenda umejiandaa. Mkoba, siku nyingi baadaye nilikuja kuambiwa, ulikuwa wa mwenye studio. Straight-up inakukuta ulivyotoka nyumbani: viatu vya sokoni, koti la baba, sketi kashona rafiki. Tofauti yake na pazia la Mombasa ni kwamba hapa hakuna mkoba wa kuazima, na ukiulizwa bei unaisema.

Mimi nilikuwa nafanya dobi. Nilikuwa nimeshika nguo za watu mia nane kwa usiku mmoja bila kumwona hata mmoja aliyezivaa. Halafu nalala na jarida linalosema huyu ni fulani, kazi yake hii, shati lake pauni mbili. Sina namna nyingine ya kueleza kwa nini nililipenda.

Mtindo huo haukukaa barabarani tu. Jarida lilipotimiza miaka mitano, mwaka 1985, mpiga picha Nick Knight alipewa kazi ya kupiga picha sura 100 za watu wa London, na kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Katika miaka ya tisini Wolfgang Tillmans, Mjerumani, aliwapiga picha rafiki zake na kuwapeleka i-D. Mwaka 2000 akachukua Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mpiga picha wa kwanza kuipata. Na mpwa wangu, hapa naomba usikimbie mistari: Edward Enninful, mzaliwa wa Ghana, mtoto wa fundi cherehani, alionwa kwenye treni ya chini ya ardhi akiwa na miaka 16 na mpambaji wa mavazi Simon Foxton. Akiwa na miaka 18 i-D likampa ukuu wa idara nzima ya mavazi. Mwaka 2017 huyohuyo akawa mhariri mkuu wa Vogue ya Uingereza. Mama yake alikuwa anashona, yeye akikaa pembeni anatazama.

Kwenye The Face mambo ni mengine. Pale mtu havai, anavalishwa. Na sisemi kwa kulidharau, maana aliyekuwa akivalisha ni Ray Petri. Petri na kundi lake, lililojulikana kwa jina la Buffalo, walichukua jaketi la rubani, bukta ya michezo, kofia ya mzee na viatu vya buti, wakavichanganya kwenye mwili wa bondia au wa kijana mweusi wa mtaani ambaye majarida mengine hayakuwa na habari naye. Wanaume wakavalishwa sketi. London ilishtuka. Mimi niliyekulia kati ya vikoi na kanzu nilizitazama zile picha miaka ishirini baadaye nikitafuta cha kushtukia. Jalada la Machi 1985, alilopiga Jamie Morgan, lina mtoto wa kiume, Felix Howard, kakunja uso chini ya kofia, na kwenye kofia pamebandikwa kipande cha gazeti chenye neno moja linalomaanisha muuaji. Kipande cha gazeti! Hakuna fundi aliyelipwa kwa hilo. Petri alifariki mwaka 1989 kwa ukimwi, na bado kila mwaka naona mtu kavaa wazo lake bila kulijua jina lake.

Dazed liko katikati. Watu wake ni wa kweli, mavazi ni ya ndotoni. Mwaka 2021 alipewa uhariri mkuu Ib Kamara, mzaliwa wa Sierra Leone aliyekulia Gambia kabla ya kuhamia London, na kurasa zikajaa rangi, mafungu ya vitambaa na vichwa vilivyofungwa kwa namna ambayo shangazi yako angeuliza tu nani kakufunga. Kwa macho ya Mwafrika, Dazed la miaka hiyo ndilo linaloongea lugha ya karibu kuliko yote matatu.

Kurasa zenyewe

Kama unachotaka kujifunza ni kupanga ukurasa, mjadala umefungwa: The Face.

Kati ya 1981 na 1986 mkurugenzi wake wa sanaa alikuwa Neville Brody. Jamaa hakuchagua herufi, alizichora. Vichwa vya habari vilikuwa na herufi za pembe na mistari ambazo hazikuwahi kuwapo, na ukiziangalia leo unaona zilivyokuja kuigwa kwenye kila bango la disko la miaka ile. Mchezo wake ninaoupenda ni mmoja. Kila jarida lina ukurasa wa yaliyomo, na neno lenyewe huandikwa juu. Brody akaanza kulivunja. Toleo hili kaling'oa kipande, toleo lijalo kipande kingine, mpaka likabaki alama tu, vijiti na viduara, na wasomaji bado wanajua ni ukurasa wa yaliyomo kwa sababu walilifuata likivunjika. Mwaka 1988 jumba la makumbusho la V&A lilimfanyia maonyesho. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

i-D nalo lina vurugu zake za karatasi, maandishi juu ya picha juu ya maandishi, kama ukuta uliobandikwa matangazo ya mechi kwa miaka kumi. Ni nzuri, lakini ukitaka kusoma makala jioni kwa taa hafifu utaumwa kichwa. Nimeshaumwa. Dazed kwa upande huu ni safi na halinipi cha kusimulia.

Nani anajua kugombana

The Face liligombana hadi kortini. Mwaka 1992 mwimbaji Jason Donovan alilishtaki kwa kumkashifu, akashinda, na fidia ikatajwa kuwa pauni 200,000. Kwa jarida lile huo ulikuwa msumari wa jeneza. Wasomaji wakaanza kuchanga. Donovan mwenyewe akakubali masharti ya malipo yaliyoliacha jarida lipumue. Huwa nawaambia watu: ukitaka kujua jarida linapendwa, usihesabu nakala, tazama siku linapodaiwa.

Miaka miwili kabla ya kesi hiyo lilikuwa limefanya jambo ambalo halikuonekana ugomvi wakati ule. Julai 1990 Corinne Day alimpiga picha msichana wa miaka 16 kwenye ufukwe wa Camber Sands, kichwani manyoya ya ndege, pua imekunjamana kwa kucheka, madoadoa ya jua usoni hayakufichwa. Alikuwa Kate Moss, aliyekuja kuwa mwanamitindo mkubwa. Wakati huo wanamitindo wakubwa walikuwa na mabega mapana na nywele za saluni ya saa tatu. Picha ile iliufunga mlango mmoja na kuufungua mwingine, na waliokuja kulalamika baadaye kuhusu wasichana wembamba walikuwa na hoja pia. Mimi naipenda picha hiyo na nawaelewa walalamikaji, yote mawili.

Lakini bingwa wa kugombana kwa maana ninayoitaka ni Dazed, toleo la Septemba 1998. Walimpa mbunifu wa mavazi Alexander McQueen kiti cha mhariri mgeni. Akawaita watu wenye ulemavu na wabunifu wakubwa, akawaunganisha, Nick Knight akapiga picha. Jaladani akakaa Aimee Mullins, mwanariadha wa Marekani aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti akiwa na mwaka mmoja tu. Hakuna picha ya kuombea msaada pale. Watu wamependeza, basi, na wewe msomaji ujue unafanyaje na macho yako. Mwezi huohuo Mullins akapita kwenye maonyesho ya McQueen ya mavazi ya msimu wa 1999 kwa miguu ya mbao iliyochongwa, na baadhi ya waliokuwapo wakadhani ni buti. Toleo hilo sijawahi kulipata kwa bei ya mtu wa dobi. Nimelishika mara moja tu, nyumbani kwa mtu, nikanawa mikono kwanza.

Kufa na kufufuka

Hili ni la kujua kabla hujatoa hela, kwa sababu jina moja si jarida moja.

The Face liliuzwa mwaka 1999 kwa kampuni ya Emap, likafungwa 2004. Toleo la mwisho nililinunua bila kujua ni la mwisho, nikalisoma nikingoja mashine ya kukaushia. Likakaa kaburini miaka kumi na tano, likafufuliwa 2019, na sasa hutoka kwa misimu. National Portrait Gallery, jumba la picha za watu pale London, ililifanyia maonyesho ya picha mwaka 2025, Februari hadi Mei. Nilikwenda. Mbele ya yule mtoto wa kofia walikuwapo wanaume wawili wa umri wangu, wamesimama kimya kama wako kwenye maziko ya mtu waliyekuwa wanamdai.

i-D lilinunuliwa na Vice, kampuni ya habari, mwaka 2012. Vice ikafilisika 2023, na Novemba ya mwaka huo mwanamitindo Karlie Kloss akalinunua. Karatasi ikasimama kwa muda, ikarudi 2025. Dazed ndilo pekee ambalo halijawahi kufa, na ukilisoma unaona: lina pumzi ndefu, halina haja ya kukukumbusha enzi zake.

Nikiwa mkweli, i-D jipya si lile la stepla. Ni zito. Mizani yangu ya jikoni ilisoma karibu kilo, na sehemu kubwa ya kilo hiyo ni matangazo ya pochi. Hiyo si dhambi ya i-D peke yake, yote matatu siku hizi yanaishi kwa matangazo ya nyumba kubwa za mitindo. Ila mwenye kupenda huumia zaidi kwa kosa la mpenzi wake. Na kukonyeza nako kumekuwa desturi. Zamani ulikuwa mzaha wa watu wanaojuana, sasa nyota anafumba jicho kwa sababu kaambiwa na meneja.

Mfukoni

Ukinunua jipya na kulituma Tanga kwa posta, posta inaweza kukuzidi bei ya jarida. Njia yetu ni kontena: jarida linatumbukizwa katikati ya mashuka na sabuni kwenye boksi la mtu anayetuma mzigo, linafika likifika. Lifunge kwenye mfuko wa nailoni, mara mbili. Hewa ya chumvi ya Tanga haipendi karatasi ya kung'aa, kurasa hushikana, na ukizibandua zinatoka na uso wa mtu.

Nakala kuukuu hununuliwa mtandaoni, na hapo kuna mashimo. Mwaka fulani nilijibana nikanunua ile The Face ya Julai 1990. Ikafika, jalada zuri, pembe hazijakunjika. Nikafungua: kurasa za Kate Moss zote zimekatwa kwa wembe, kwa ustadi, karibu kabisa na mshono. Nilikuwa nimenunua jalada na uhakiki wa muziki. Muuzaji aliniambia picha aliyoiweka ilikuwa ya jalada na nimepata jalada. Tangu siku hiyo naomba nipigiwe picha ya mshono wa katikati, jarida likiwa wazi, na idadi ya kurasa. Asiyetaka kuhesabu simpi hela.

The Face za enzi ya Brody na za Kate Moss ni ghali, zinawindwa na wabunifu wa michoro wenye mishahara. i-D za mwanzo kabisa, zile za stepla, ndizo mbaya zaidi kwa bei, zisahau. Lakini i-D za miaka ya mwisho ya themanini na ya tisini katikati, zisizo na nyota mkubwa jaladani, bado zinapatikana kwa hela ya kawaida, na ndani zimejaa watu. Dazed za miaka ya karibuni ni rahisi kuliko zote. Kama huna uvumilivu wa kuwinda, Taschen wamechapisha vitabu vya mkusanyo wa i-D, na kitabu kimoja kinabeba miaka mingi, ingawa utakosa matangazo ya zamani, na matangazo ya zamani ni nusu ya utamu. Tovuti za yote matatu hazisomeki bila kuona matangazo, ila zinasomeka bila kulipa, na kwa habari za wiki hii zinatosha.

Basi, lipi?

Kama unachora mabango, unapanga vitabu, au unatengeneza majalada ya nyimbo za washikaji, chukua The Face, toleo lolote la 1981 hadi 1986, hata lililochakaa. Hutalisoma, utalichungulia kama fundi anavyochungulia injini.

Kama unaandika, unabishana, unataka kujua vijana wa leo wanagombea nini na nani kapewa nafasi ya kusema, nunua Dazed, na nunua jipya. La zamani utalipenda kwa McQueen tu.

Kama unashona, i-D, tena kuukuu. Na sababu si kwamba nalipenda, ingawa nalipenda. Sababu ni kwamba The Face huwakata watu kifuani. Unaona uso, unaona kofia, shati unaliona nusu. Dazed hukupa mwili mzima lakini umepinda, umelala, uko ndani ya maji. Kwenye straight-up mtu kasimama. Unaona suruali inavyoangukia kiatu, pindo limekunjwa mara ngapi, kifungo kipi kimebadilishwa, mfuko umebandikwa juu kidogo kuliko ilivyozoeleka. Fundi anaweza kuinakili nguo ile kwa macho. Na kando yake imeandikwa imetoka wapi na kwa bei gani, na mara nyingi imetoka kwenye mitumba.

Nilimwandikia hivyo kwa ufupi, mistari sita. Safari hii alisoma. Akasema, "Sawa anko, i-D. La tisini na ngapi?" Nikamtafutia moja, nikahesabiwa kurasa, limo ndani ya boksi la mtu anayepeleka mzigo Dar, katikati ya mashuka. Halijafika.

Jana akanitumia picha. Kumbe ameshaanza bila jarida. Kamsimamisha mtu kwenye ukuta wa kibaraza, pale rangi ya chokaa inapobanduka, kampiga wima kuanzia mtandio hadi vidole vya miguu. Ni mama. Kasimama kama alivyosimama Mombasa, mguu mmoja mbele, ila safari hii hana mkoba. Jicho la kushoto kalifumba, na kwa jinsi mdomo ulivyokaa ni dhahiri kafundishwa mara nyingi kabla ya kuweza. Chini mpwa wangu kaandika kwa kalamu: khanga, sokoni, doti elfu kumi na mbili, blauzi, kaishona mwenyewe, kandambili, anasema si zake.